Mche Usio na Jina: Historia ya Majina ya Bangi kutoka Pwani ya Uswahilini hadi Vilima vya Mutoyi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya majina ya mmea wa bangi katika Afrika Mashariki na eneo la Maziwa Makuu, pamoja na namna majina hayo yalivyoingia katika lugha ya sheria. Hoja kuu ni kwamba lugha za eneo hili zina uwezo wa kutenganisha mbegu, mche, mmea uliokomaa, jani na ua, lakini lugha ya sheria, ya polisi na ya vyombo vya habari imezikunja hatua hizo zote ndani ya neno moja. Kwa kutumia ushahidi wa kamusi, maandishi ya wasafiri, mikataba ya kimataifa na sheria za nchi, makala yanaonesha kwamba mkunjo huo una historia: ulitokana na kukutana kwa neno la Kihindi, sheria za wakoloni na tafsiri za haraka. Mutoyi, nchini Burundi, inachukuliwa kuwa mahali pa kupimia hoja hiyo kwa sababu ni eneo ambamo Kirundi, Kiswahili na Kifaransa hukutana, na ambamo maarifa ya kuotesha miche ni sehemu ya maisha ya kila kaya. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo ya istilahi kwa watunga sera wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Mutoyi ni jina la mahali linalopatikana Gitega na Muyinga, nchini Burundi. Mutoyi ya Gitega, katika vilima vya Bugendana, inafahamika zaidi kwa parokia yake, hospitali yake na ushirika wake wa wakulima. Katika vilima hivyo mche si jambo la kufafanuliwa. Kahawa, ambayo utawala wa Wabelgiji uliisambaza kwa shuruti kuanzia miaka ya 1930, huanzia kitaluni. Mbegu huatikwa, miche hutiwa kivuli, humwagiliwa, kisha huhamishiwa shambani mvua zinaponyesha. Kirundi huiita miche hiyo ingemwe, na hakuna anayeichanganya na mazao. Mche wa kahawa si kahawa. Hauna tunda, haupelekwi mizanini, wala hakuna kiwanda kitakachoupokea.

Kanuni hiyo iliyo wazi kwa kila mkulima huvunjika panapotajwa mmea mmoja. Chukulia mfano wa kijana aliyerejea kutoka kambi ya wakimbizi ng'ambo ya mpaka. Anaatika mbegu tatu katika kopo la rangi, analificha kopo ndani ya nyumba karibu na dirisha, na baada ya siku chache mbegu zinachipua. Miche hiyo ina majani mawili ya mwanzo na urefu wa kidole. Mzee wa kaya atasema kuwa ndani mna urumogi. Jirani msemaji wa Kiswahili atasema kijana ana bangi. Karani atakayeandika maelezo kwa Kifaransa atatumia neno linalomaanisha katani ya kuvutwa. Watu watatu wametumia lugha tatu, na hakuna hata mmoja aliyesema mche. Maneno yaleyale yangetumika kama kijana huyo angekamatwa na lori la magunia.

Makala haya hayatetei matumizi ya bangi. Madhara yake kwa afya ya akili, hususan kwa vijana ambao ubongo wao haujakomaa, yameandikwa vya kutosha katika taaluma ya tiba. Suala linalojadiliwa hapa ni la historia ya lugha: ni kwa njia gani lugha zenye msamiati mpana wa kilimo zilifikia kulitumia jina moja kwa mbegu, mche, jani, ua na gunia, na kuna gharama gani kwa haki na kwa sera?

2.0 Jina la Pwani

Neno bangi lina nasaba ndefu. Kisanskriti kina bhanga, Kihindi kina bhang, Kiajemi kina bang, na Kiarabu kina banj, neno ambalo katika vitabu vya tiba vya zamani lilitumika pia kwa mimea mingine ya kulevya na ambalo katika Kiarabu cha leo limezaa msamiati wa dawa za ganzi. Mkopo wa Kiswahili una sauti g, si j. Kwa kuwa maneno mengi ya Kiarabu yenye herufi jimu yameingia Kiswahili kwa sauti j, kama vile jibu na jamaa, umbo la bangi linaelekea kuonesha njia ya Kiajemi au ya Kihindi zaidi ya ile ya Kiarabu sanifu. Hata hivyo, baadhi ya lahaja za Oman hutamka herufi hiyo kama g, kwa hiyo ushahidi wa sauti peke yake hautoshi kufunga mjadala. Kusini zaidi, Kishona kina mbanje, umbo linalokaribiana na lile la Kiarabu. Bahari ya Hindi ilikuwa na milango mingi, na neno moja lingeweza kuingia kupitia zaidi ya mmoja.

Maandishi ya Wareno yanathibitisha kwamba jina hilo lilikuwa limeenea mapema. Garcia de Orta, tabibu aliyechapisha mazungumzo yake kuhusu dawa mjini Goa mwaka 1563, alilieleza kwa umbo la bangue. João dos Santos, mmisionari aliyeishi katika eneo la Sofala, katika kitabu chake cha mwaka 1609 alitumia neno hilohilo kwa mmea uliolimwa na wenyeji, na akaeleza kuwa majani yake yalikaushwa, yakapondwa na kuliwa. Maelezo hayo yana uzito kwa sababu yanahusu jani na kilimo, si ua wala biashara.

Kiswahili hakikupokea neno hilo bila kulifanyia kazi. Kamusi zimehifadhi jozi ya maneno: bangi katika ngeli ya I-ZI na mbangi katika ngeli ya U-I. Jozi hiyo inafuata mpangilio wa kale wa lugha. Mchungwa huzaa chungwa, mpamba huzaa pamba, mbuni huzaa buni. Kwa mpangilio huo, mbangi ni mmea na bangi ni kile kitokanacho na mmea. Msemaji aliyeunda neno mbangi alikuwa tayari amefanya kazi ambayo watunga sheria wa karne ya 20 walihitaji kurasa kadhaa kuifanya, yaani kutenganisha kitu kinachoota na kitu kinachotumiwa. Katika matumizi ya sasa, neno mbangi limerudi nyuma. Magazeti huandika "shamba la bangi", "miche ya bangi", "mbegu za bangi" na "magunia ya bangi", na msomaji huachiwa kazi ya kukisia ni hatua gani ya mmea inayozungumzwa.

3.0 Majina ya Bara

Anayeondoka pwani na kuelekea bara hukuta kwamba bangi si jina pekee. Malawi ina chamba. Katika bonde la Kongo na Angola kuna familia ya majina yenye mashina yanayofanana, yakiwemo diamba, riamba na liamba. Majina ya familia hii yalivuka Bahari ya Atlantiki pamoja na watumwa na kufika Brazili, ambako pia neno maconha linahusishwa na Kimbundu. Kusini mwa bara kuna dagga, lenye asili ya lugha za Wakhoi, na insangu la Kizulu. Katika eneo la Maziwa Makuu, Kiganda kina enjaga, ilhali Kirundi na Kinyarwanda zina urumogi.

Ramani hiyo inatoa funzo. Iwapo mmea huu ungelifika kwenye vilima vya Burundi kwa misafara ya karne ya 19 peke yake, ingelitarajiwa jina lake lifanane na la pwani, kama ilivyotokea kwa bidhaa nyingi zilizopandishwa na wafanyabiashara wa Kiswahili kutoka Bagamoyo na Ujiji. Jina urumogi halina uhusiano ulio wazi na bangi. Hilo halithibitishi kuwa mmea ulitangulia misafara, kwa sababu jina la mmea mmoja linaweza kuhamishiwa mwingine. Linaonesha tu kwamba Warundi hawakuhitaji kulikopa jina la pwani. Watafiti kama Brian du Toit, na baadaye Chris Duvall katika kitabu chake cha mwaka 2019 kuhusu mizizi ya Kiafrika ya mmea huu, wamesisitiza kuwa historia ya bangi barani Afrika haiwezi kuelezwa kama safari moja yenye mstari ulionyooka.

Ngeli ya jina la Kirundi inastahili kuangaliwa. Urumogi limo katika ngeli ya 11, ngeli ambayo pia ina urubingo, yaani matete ya malisho, na urufunzo, yaani mafunjo ya kinamasi. Ni majina ya mimea inayoonekana kwa wingi wake, kichaka kizima kabla ya shina moja. Kirundi, kwa hiyo, hakina jozi inayofanana na mbangi na bangi. Mmea na zao lake vina jina moja. Kinachokiokoa Kirundi ni neno ingemwe, ambalo linaweza kutangulia jina la mmea wowote. Msamiati wa kuutaja mche upo, isipokuwa haukuitwa kazini.

4.0 Mmea wa Mlangoni

Lugha ya sasa humfanya msomaji aidhanie bangi kuwa zao la maficho tangu mwanzo. Vyanzo vya karne ya 19 vinatoa picha nyingine. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1857 na 1859, aliutaja mmea huu kuwa uliota karibu na milango ya nyumba, na akaeleza namna ulivyovutwa. Ulikuwa mmea wa kaya, uliopandwa pale ambapo udongo una rutuba ya majivu na samadi, kama vile tumbaku inavyopandwa hadi leo katika maeneo mengi ya bara.

Msamiati wa uvutaji pia ulikuwa wa nyumbani. Kiko cha asili cha pwani kilikuwa chombo cha maji chenye sehemu zilizopewa majina mahususi: bora, kibakuli cha kutilia kitu kinachovutwa, digali, bomba linaloshuka majini, kiko chenyewe, aghalabu kifuu au kibuyu cha kuwekea maji, na mdakale, bomba la kuelekea mdomoni. Sauti ya maji ikibubujika iliitwa malio. Uvutaji kwa kutumia maji una historia ndefu barani: vibakuli viwili vya viko vilivyochimbuliwa katika pango la Lalibela nchini Ethiopia, vinavyokadiriwa kuwa vya karne ya 14, vilikutwa na mabaki ya bangi. Lugha iliyokuwa na jina kwa kila kiungo cha kiko haikuwa lugha maskini wa kutofautisha.

Katika bonde la Kasai mmea huu uliingia hata katika siasa. Paul Pogge na Hermann Wissmann walipofika kwa Walulua mwaka 1881, waliikuta jumuiya iliyojiita Bena Riamba, watu wa bangi, chini ya Kalamba Mukenge. Uvutaji wa pamoja ulikuwa ibada ya upatanisho na ishara ya urafiki. Historia ina mizaha yake: Wissmann huyohuyo alikuja kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1895, koloni ambalo ndani yake ilihesabiwa pia Urundi. Hata hivyo, mmea ambao mgeni aliukuta ukiwa kiungo cha mamlaka ya kienyeji haukuingia katika lugha ya utawala kwa sifa hiyo. Uliingia kama tatizo la nidhamu.

5.0 Sheria na Njia Tatu za Kutaja

Sheria zilizolizunguka eneo la Maziwa Makuu zilitumia njia tatu tofauti za kuutaja mmea huu.

Njia ya kwanza ni ya matumizi. Katika Dola Huru ya Kongo, amri ya tarehe 1 Machi 1903 ilipiga marufuku kilimo cha kitu ilichokiita chanvre à fumer, maana yake katani ya kuvutwa. Jina hilo linautambua mmea kwa nia ya mtumiaji. Linakubali kimyakimya kwamba kuna katani isiyovutwa, ile ya kamba na turubai ambayo Ulaya iliijua vizuri. Lakini mche hauna nia. Anayeutazama hawezi kuona kama ni wa kuvutwa, wa kusokotwa au wa kutengenezea dawa, na kwa hiyo jina la matumizi humlazimu mwenye mamlaka kuisoma nia hiyo kwa mwenye mche.

Njia ya pili ni ya jina lililokopwa. Waingereza walizileta Afrika Mashariki sheria za India, na pamoja nazo msamiati wa India. Tume ya Katani ya India ya mwaka 1893 hadi 1894 ilikuwa imetenganisha vitu vitatu kwa uangalifu: bhang, yaani majani, ganja, yaani vilele vya maua ya mmea jike, na charas, yaani utomvu. Tume hiyo haikupendekeza marufuku kamili. Msamiati wake ulipovuka bahari, utengano huo ulipotea njiani. Neno la majani likawa neno la vyote. Hata leo hati za mashtaka nchini Kenya huliandika neno hilo la Kihindi kando ya jina la kisheria.

Njia ya tatu ni ya sehemu ya mmea. Mkataba wa Geneva wa tarehe 19 Februari 1925, ambao mjumbe wa Misri Mohamed El Guindy alishinikiza ujumuishe bangi, ulifafanua kinachodhibitiwa kuwa ni vilele vikavu vya maua au matunda vya mmea jike ambao utomvu wake haujakamuliwa. Mkataba wa Pamoja wa mwaka 1961 uliendeleza njia hiyo. Ulitofautisha bangi, yaani vilele vyenye maua au matunda, na mmea wa bangi, yaani mmea wowote wa jenasi hiyo. Mbegu na majani yasiyoambatana na vilele viliwekwa nje ya ufafanuzi wa bangi, ingawa nchi zilitakiwa kuzuia matumizi mabaya ya majani.

Hapa ndipo tafsiri ya Kiswahili inapoingia katika utata usioonekana. Katika lugha ya asili yake, bhang ni jani. Mkataba wa 1961 unaliacha jani nje ya ufafanuzi wa kitu kikuu kinachodhibitiwa. Lakini Kiswahili kinapoutafsiri mkataba huo, neno linalosimama mahali pa vilele vya maua ni bangi, neno la jani. Aidha, dhana ya mmea wa bangi, ambayo mkataba unaitaja peke yake, nayo hufasiriwa kwa neno bangi. Dhana mbili zimeshikwa na neno moja, na neno lenyewe kiasili lilikuwa la dhana ya tatu.

Athari zake zinaonekana katika sheria za nchi. Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya, kama ilivyotungwa, iliruhusu mahakama kuzingatia katika kosa la kupatikana na bangi kwamba kiasi kilichopatikana kilikusudiwa kwa matumizi ya mtu binafsi tu, na ikaweka kifungo cha miaka 10 badala ya 20. Katika kosa la kulima, tofauti hiyo haikuwekwa: adhabu ni faini ya shilingi 250,000 au mara tatu ya thamani ya mmea sokoni, kutegemea ipi ni kubwa, au kifungo kisichozidi miaka 20, au vyote viwili. Kwa mantiki hiyo, mwenye msokoto mmoja angeweza kuomba apimwe kwa kiasi chake, lakini mwenye mche mmoja hakuwa na mlango wa namna hiyo. Na thamani ya mche sokoni ni ipi, wakati mche hauna ua wala haujulikani kuwa dume au jike? Nchini Tanzania, ambako sheria ya mwaka 2015 ndiyo inayotawala, mahakama zimetoa vifungo vya miaka 30 kwa kosa la kulima.

6.0 Mche Ndani ya Nyumba

Kwa muda mrefu suala hili lingeweza kuonekana la kinadharia, kwa kuwa mkulima wa bangi aliyefahamika kwa polisi alikuwa mwenye shamba lililofichwa milimani au ndani ya mahindi. Mambo yamebadilika kwa sababu nchi kadhaa zimeunda mtu mpya wa kisheria: mwenye kaya anayeotesha mimea michache kwa matumizi yake. Uruguay, kwa sheria ya mwaka 2013, iliruhusu mimea sita kwa kaya. Kanada iliruhusu minne mwaka 2018 na Malta minne mwaka 2021. Barani Afrika, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua tarehe 18 Septemba 2018 kwamba mtu mzima anaweza kulima na kutumia bangi mahali pa faragha, na sheria ya kutekeleza uamuzi huo ikatiwa saini mwaka 2024.

Ujerumani, iliyoruhusu mimea mitatu kwa mtu mzima kuanzia tarehe 1 Aprili 2024, inatoa funzo la istilahi. Sheria yake ina neno mahususi kwa mbegu na vipandikizi, yaani mimea michanga au vichipukizi visivyo na sehemu za maua, na haivihesabu hivyo kuwa bangi. Wasemaji wa Kiswahili waishio huko wanakutana na sheria inayotenganisha mche na zao lake, halafu wanapoieleza kwa ndugu zao walioko nyumbani wanalazimika kutumia neno moja kwa pande zote mbili.

Kuna tofauti ya kimazingira ambayo tafsiri hupaswa kuiheshimu pia. Msamiati wa kisasa wa kuotesha ndani ya nyumba umezaliwa katika nchi za kaskazini, ambako mkulima wa mara ya kwanza hutegemea taa. Mmea huu huanza kutoa maua usiku unapokuwa mrefu. Huko, mkulima hurefusha mchana kwa taa ili mmea ukue, kisha huufupisha ili uchanue. Mutoyi iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, ambako mchana na usiku hukaribiana mwaka mzima na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ni dakika zipatazo 20 tu. Mgawanyo wa maisha ya mmea kwa saa za taa hauna mzizi katika tajiriba ya mkulima wa hapa. Mgawanyo alio nao ni wa aina nyingine: mbegu, mche, mmea mchanga, mmea uliochanua, mmea uliovunwa. Vilevile anajua udume na ujike wa mimea, kwa kuwa kila mwenye mpapai amewahi kusubiri maua ili ajue kama ameotesha mpapai dume. Dhana ya mmea jike iliyomo katika mkataba wa 1925 haihitaji kufundishwa kwa mtu huyo.

Katika ukanda huu, mwelekeo wa sheria si wa kaya bali wa kibiashara na wa tiba. Malawi ilitunga sheria yake ya udhibiti wa bangi mwaka 2020. Rwanda iliidhinisha kilimo kwa ajili ya dawa na mauzo ya nje, ikatoa kanuni mwaka 2021 zenye masharti makali ya ulinzi, huku matumizi ya ndani yakibaki marufuku. Uganda ilishuhudia sheria yake ya mwaka 2015 ikibatilishwa na Mahakama ya Katiba mwezi Mei 2023 kwa sababu ya akidi bungeni, na Bunge likapitisha sheria nyingine mwaka huohuo. Katika kampeni za urais nchini Kenya mwaka 2022, mgombea George Wajackoyah aliahidi kilimo cha bangi kwa mauzo ya nje. Mjadala uliofuata uliendeshwa kwa neno bangi tu. Wasikilizaji hawakupewa njia ya kujua lini ilizungumzwa dawa, lini nyuzi, na lini uvutaji.

Suala la nyuzi lina ugumu wake. Kiswahili kilikuwa na neno katani, lenye asili ya Kiarabu, kwa nyuzi za namna hiyo. Zao la mkonge lilipoenea Tanganyika chini ya Wajerumani na kuifanya Tanga kuwa kitovu chake, neno katani lilichukuliwa na mkonge. Leo mtunga sera anayetaka kuzungumzia mmea wa nyuzi usiolevya hukuta neno lake likiwa na mwenyewe.

7.0 Mutoyi Kama Kipimo

Ni kwa nini jambo hili lipimwe Mutoyi, mbali na bandari na mahakama kuu? Sababu ya kwanza ni mkutano wa lugha. Kiswahili kiliingia Burundi kwa wafanyabiashara na askari wa enzi ya Wajerumani, kikajikita katika mitaa kama Buyenzi mjini Bujumbura na katika jamii za Waislamu za Muyinga. Baadaye kilipanda vilimani pamoja na wakimbizi waliorejea kutoka Tanzania baada ya mawimbi ya mwaka 1972, 1993 na 2015. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kimo katika mitaala ya shule. Kwa hiyo kijana wa vilimani anaweza kujua urumogi kutoka kwa babu yake na bangi kutoka kambini, bila kuwa na neno linalounganisha maarifa ya wawili hao.

Sababu ya pili ni ukaribu wa mpaka. Muyinga inapakana na Ngara, na kituo cha Kobero ni njia kuu ya malori. Tendo moja linaweza kuelezwa kwa Kirundi upande mmoja na kwa Kiswahili upande wa pili, na ushahidi kuvuka mpaka pamoja na shahidi. Iwapo maelezo ya upande mmoja yanasema ingemwe na tafsiri ya upande wa pili inasema bangi, kilichobadilika si lugha tu. Idadi imegeuka kuwa uzito. Miche huhesabiwa, bangi hupimwa. Hakimu anayesoma tafsiri hiyo hana njia ya kujua kwamba kilichokuwa koponi hakikuwa na kitu cha kupimwa.

Sababu ya tatu ni maarifa yenyewe. Katika eneo ambamo miche ya kahawa, ya miti na ya mboga huoteshwa kila msimu, ukosefu wa tofauti katika lugha ya sheria hauwezi kuhusishwa na ufinyu wa lugha za wenyeji. Tofauti zilikuwapo kitaluni. Zilifutwa katika ofisi.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha kwamba neno bangi lilianza likiwa jina la jani, likapokewa pwani na kupewa jozi yake mbangi, kisha likatwishwa na sheria mzigo wa mmea mzima, zao lake lote na kosa lenyewe. Urumogi, lenye njia yake tofauti, lilitwishwa mzigo huohuo. Mapendekezo manne yanafuata.

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na wizara za sheria za nchi wanachama kuandaa orodha fupi ya istilahi: mbegu, mche, mbangi kwa mmea, jani, vilele vya maua, utomvu na nyuzi. Maneno hayo yote tayari yapo, kwa hiyo kazi ni ya kuyasanifisha zaidi ya kuyabuni. Pili, tafsiri za Kiswahili za mkataba wa 1961 na za sheria za nchi zitumie mbangi panapotajwa mmea na kuliacha neno bangi kwa zao. Tatu, wakalimani wa mahakama katika maeneo ya mipaka wafundishwe istilahi hizo pamoja na visawe vyake vya Kirundi, Kinyarwanda na Kiganda, ili maelezo ya shahidi yasibadilike yanapovuka mpaka. Nne, nchi zinazofikiria kilimo cha dawa au cha nyuzi ziamue mapema jina la Kiswahili la kila zao, kabla ya mjadala wa hadhara kuyafunika yote kwa jina moja.

Uamuzi wa kuruhusu au kukataza ni wa mabunge. Lakini bunge, mahakama na mwananchi hawawezi kujadiliana vyema juu ya kitu ambacho wanakiita kwa jina lisilo lake. Mkulima wa Mutoyi anaujua mche kuwa ni mche. Sheria inayomhukumu kwa lugha yake inapaswa angalau kujua hivyo pia.